Mikono ya Fenesi na Mashine ya Sukari

Mimi nauza mafenesi Busia, upande wa Uganda, karibu na pale malori yanapojipanga kungoja kuvuka. Mafenesi nayatoa Mukuju kwa watu ninaowajua. Wanunuzi wangu wengi ni watu wa Kenya wanaovuka asubuhi na kurudi jioni. Anayetaka fenesi zima hanipi kazi. Analigongagonga, analinusa, anasema ni ghali, analibeba. Anayetaka kipande cha kula amesimama ndiye anayenipa kazi, maana fenesi lipasuliwe, litolewe moyo, na zile nyama za manjano zichambuliwe moja moja kwa vidole.

Mtu asiyejua fenesi hajui utomvu wake. Ukilishika na mikono mikavu, utabandukana nalo kesho. Maji hayasaidii kitu, yanazidi kuugandisha. Kwa hiyo sisi tunajipaka mafuta ya kupikia mikononi kabla ya kushika kisu, na kisu chenyewe tunakipaka. Mafuta yakikauka tunaongeza. Akija mteja na noti, tunajifuta kwenye kitambaa, na kitambaa nacho kina mafuta. Kutwa nzima mikono yangu haionani na maji. Huo si uchafu. Ndivyo kazi ilivyo, na mama aliyenifundisha aliifanya hivyo mpaka akazeeka.

Nasema haya mapema kwa sababu mbele huko mtu atanusa vidole vyangu, na sitaki msomaji aanze kunifikiria vibaya.

Ugonjwa wa sukari ulinikuta baada ya mume wangu kufariki. Sisemi kifo chake ndicho kilichouleta. Nasema vilifuatana tu. Pale kituo cha afya walinipa vidonge, wakanikataza soda, wakanikataza sukari kwenye chai, na wakanikataza fenesi. Hilo la mwisho walilisema kwa huruma sana, kama watu wanaoleta habari za msiba. Niliwaambia mimi fenesi naliuza tu, hamu yake iliniisha zamani. Hawakuniamini, na kutoamini kwao ndiko kulikoleta yote.

Kila mwezi kuna siku yetu sisi watu wa sukari. Tunakaa kwenye benchi nje, tunasogea mmoja mmoja hadi mlangoni, na ndani kuna nesi na kamashine kadogo kanakotosha mfukoni. Nesi huyo ni binti wa kwetu, Msamia, mama yake nilimbeba mgongoni. Ananiita kukhu, yaani nyanya, na akiniita hivyo anapiga goti kidogo, hata akiwa ameshika sindano. Mkono wake ni mwepesi. Anafuta kidole kwa pamba ya spiriti, anakidunga, anakamulia tone kwenye kikaratasi, mashine inahesabu, halafu inasema namba. Namba ikiwa ndogo kiasi anatabasamu. Ikiwa kubwa anaangalia chini. Yangu siku hizo ilikuwa ikipanda na kushuka.

Na ile mashine hawakuiacha tu ijisemee. Asubuhi kabla ya kutushika, nesi alikuwa anatoa kichupa chenye maji maalumu yaliyotiwa sukari ya kiasi kinachojulikana, anaitilia mashine tone lake, kuona kama itasema kile ambacho kichupa kinasema. Isipokubaliana na kichupa, siku hiyo hadungwi mtu. Mimi nilipenda jambo hilo. Watu wa mahindi sokoni hawapendi kuwekewa jiwe la kuhakiki kwenye mizani yao hata mara moja kwa mwaka. Ukutani pia kulikuwa na karatasi ya taratibu, hatua kwa hatua, kwa Kiingereza. Kiingereza changu kiliishia darasa la tatu pamoja na mimi, kwa hiyo karatasi ile niliijua kama mtu anavyoijua kalenda ya mwaka uliopita.

Kisha ukaja ule ugonjwa wa barakoa. Mpaka ukafungwa, watu wa Kenya wakabaki kwao, mafenesi yakaozea Mukuju. Baadaye soko likarudi polepole. Pale kituoni waliweka jerikeni yenye koki kwenye geti, na sabuni imening'inizwa kwa kamba, na askari mmoja mkali ambaye hakumwachia mtu. Askari huyo hakuwa mtu wa kwetu. Alimwagiza kila mtu anawe, awe chifu, awe padri. Mimi alinitazama mikono, akasema nirudie, nikarudia, akasema tena. Nilimchukia kwa uaminifu. Lakini kipindi chote hicho sukari yangu ilikuwa nzuri. Nesi alitabasamu kila mwezi. Walinisifu mbele ya wenzangu kwamba mimi ndiye mfano wa kuigwa.

Ugonjwa ulipopoa, askari alihamishwa. Sabuni ikaisha, ikabaki kamba. Halafu jerikeni ikapelekwa chooni kwa wafanyakazi, ambako kwa kweli ilikuwa inahitajika. Na sukari yangu ikaanza kupanda.

Ilipanda kama mtu anayepanda ngazi. Mwezi huu kumi na mbili, mwezi ujao kumi na tano. Nesi aliangalia chini. Daktari wa pale akaniita, akaniuliza ninakula nini. Nikamwambia: ugali wa mtama, mboga, samaki nikipata. Akaniuliza kama nauza mafenesi bado. Nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa polepole, akaandika, akaniongezea vidonge.

Rafiki yangu sokoni ni mama anayeuza chai. Anavuka kila alfajiri kutoka upande wa Kenya na chupa zake za chai kwenye karai, na anakaa ubavuni mwangu. Sokoni hatuitani majina, tunaitana bidhaa. Mimi ni Mama Fenesi, yeye ni Mama Chai. Nilipomweleza habari za vidonge aliniangalia muda mrefu.

"Mama Fenesi," akasema, "usiku wewe unakula nini pale kwako?"

"Nalala."

"Unalala na fenesi?"

Nikamwambia ajali chai yake. Lakini nilijua kwamba kama yeye anauliza, basi soko zima limeshajibu.

Nilimeza vidonge kama nilivyoagizwa. Mimi nikiagizwa kitu na mtu aliyekisomea, nakifanya. Nikaanza kuona mambo. Jua likisimama kichwani, jasho baridi linanitoka. Mikono inatetemeka hadi nakata kipande kikubwa kuliko nilicholipwa, na wateja wakaanza kunipenda sana saa hiyo. Usiku naamka shuka limelowa. Siku ya kupimwa ilipofika nikamweleza nesi, naye akamweleza daktari, naye akasema hizo ni dalili za sukari kupanda, tazama namba yenyewe. Tukatazama namba. Ilikuwa kumi na saba. Akaniongezea tena.

Wiki iliyofuata nilianguka. Nilikuwa nimeinama nachambua fenesi la mama mmoja wa kutoka Bumala, nikaona dunia inasogea pembeni, na nilipozinduka nilikuwa chini, kichwa kwenye mapaja ya Mama Chai, na chai tamu inanimiminikia mdomoni na shingoni. Watu walikuwa wanampigia kelele kwamba ananiua, mgonjwa wa sukari hapewi sukari. Yeye aliendelea kumimina. Kwao, alisema, mtu akizimia anapewa chai, na chai ni ile yenye sukari, ile nyingine ni maji ya majani.

Nikapata nguvu, nikakaa. Wakanipakia kwenye bodaboda, mmoja mbele mmoja nyuma, mpaka kituoni. Nesi akafuta kidole kwa spiriti, akadunga. Ishirini na mbili. Mama Chai akahojiwa kama mhalifu. Alikiri kikombe kimoja, vijiko vitatu.

Ndipo walipompigia simu mwanangu anayekaa kijijini Sop Sop.

Mwanangu ni mkulima, mtu mpole, hajawahi kunipandishia sauti tangu azaliwe. Alikuja siku hiyo hiyo, akakaa kwenye kigoda changu, akaangalia mafenesi yangu kana kwamba ndiyo yaliyonisukuma. Akasema mambo mengi ya heshima. Kwamba nimezeeka. Kwamba nimehangaika vya kutosha. Kwamba kule kwake kuna chumba, kuna mke wake wa kunipikia, na hakuna fenesi karibu.

"Mama, mwisho wa mwezi nakuja na pikapu," akasema. "Tunahama."

Nikamwambia mimi sili fenesi.

"Sawa, Mama," akasema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia kuwaambia watoto wake kwamba ng'ombe aliyeuzwa amekwenda shule.

Niseme wazi lililokuwa mbele yangu. Sop Sop ni kuzuri. Kuna kivuli, kuna mihogo, na mkwe wangu hana ubaya. Lakini kule ningekuwa mtu wa kuwekewa sahani. Busia mimi nina mahali. Mtu akivuka mpaka akiuliza fenesi zuri liko wapi, anaelekezwa kwangu. Nilikipata kibanda kile baada ya kuzika, bila kumuomba mtu, na nilikuwa nimeamua nitakiacha siku nitakayobebwa. Sasa nilikuwa naondolewa nikiwa hai kwa sababu ya fenesi ambalo sikulila. Na kama wangeendelea kuniongezea vidonge, ningeondoka Sop Sop pia, na kwa upande ambao pikapu hairudi.

Siku ya kupimwa iliyofuata alikuwepo mama mmoja kutoka Tororo. Tuliambiwa ni mkaguzi wa vipimo. Kazi yake ni kuzunguka kwenye vituo vidogo kuona kama mashine ndogo zinasema ukweli. Mwembamba, viatu vya kufungwa, hana maneno. Aliwachagua wagonjwa wachache kwenye benchi, akatuchukua damu kwenye mshipa wa mkono, ndani ya kiwiko, akaitia kwenye vichupa na kuviweka kwenye kikapu cha barafu, akaondoka navyo kwenda kuvipima kwenye mashine kubwa. Alisema ni kulinganisha tu. Kidole changu siku hiyo kilisema kumi na tisa. Nikajua ile ya mkono nayo itasema hivyo hivyo, kisha watanitia aibu mpaka Tororo.

Katika siku hizo Mama Chai alinipa chai kavu, yaani isiyo na sukari, kila siku saa nne asubuhi, maana nilikuwa nimekatazwa tamu. Chai hiyo kavu ilikuwa na sukari. Niliionja, nikamtazama, naye akatazama malori. Nikanywa.

Mwisho wa mwezi pikapu ikaja. Mwanangu na dereva wakapakia kitanda, masufuria, sanduku, na godoro juu ya vyote likafungwa kwa kamba. Mimi nilikuwa sokoni nagawa. Mafenesi yaliyobaki sikutaka yaoze, nikayapasua yote, nikawagawia wenzangu, kila mmoja kipande, na wengine ambao hatukuwa tunasalimiana wakapata pia. Mama Chai hakula. Alikiweka kipande chake kwenye karai akakifunika.

Njiani tukapita kituoni kuchukua kadi yangu, nikatibiwe karibu na Sop Sop. Nikamkuta nesi mlangoni anahema. Akasema kukhu, tulikuwa tunakutafuta, tumetuma mtu sokoni. Ndani alikuwepo yule mkaguzi. Hakuwa amekuja kwa kazi yake ya kawaida. Alikuwa amekuja kwa ajili yangu.

Alimwomba mwanangu aingie pia. Akaeleza, bila haraka. Wagonjwa wengine wote, damu ya kidole na damu ya mkono zilikubaliana. Zangu peke yake zilikataana. Kidole kilisema kumi na tisa. Mkono ulisema nne na kitu, na nne kwa mtu anayemeza vidonge vyote vile ni kukaa ukingoni mwa shimo. Alisema hataki mtu ahame wala aongezewe kidonge kingine mpaka ijulikane nani anadanganya, mashine au nani.

Akaitilia mashine tone la kile kichupa. Ikasema sawasawa na kichupa. Akaangalia vikaratasi, havijapita muda, kopo limefungwa vizuri. Akamwambia nesi anipime vile anavyonipima siku zote, asiongeze wala kupunguza. Nesi akapiga goti kidogo, akashika kidole changu, akakifuta kwa spiriti, akakidunga. Kumi na nane.

Mwanangu akanitazama kwa huzuni. Nadhani alidhani nimekula yale ya kugawa.

Mkaguzi aliiandika namba ile. Halafu akainama, akaushika mkono wangu, akaunusa. Akanusa vidole kimoja kimoja. Sijawahi kunuswa na mtu mzima. Akaniuliza nimefanya kazi gani asubuhi. Nikamweleza: mafenesi, mafuta, kitambaa. Akauliza nilinawa saa ngapi. Nikasema jana jioni. Akageuka kwa nesi, akaonyesha ile karatasi ukutani kwa kidole, mstari wa kwanza kabisa.

"Hapa panasema nini?"

Nesi akasoma kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili ili nasi tusikie. Mgonjwa anawe mikono kwa maji na sabuni, aikaushe.

"Huwa unawaambia?"

"Vijana nawaambia."

"Na wazee?"

Nesi akaangalia chini, kama kwenye namba kubwa. "Madamu, huyu ni kukhu. Amembeba mama yangu. Nitamwambiaje anawe mikono kama mtoto aliyetoka kucheza? Nafuta mwenyewe na spiriti."

Na niseme ukweli, maneno yale yalinipendeza. Kwetu msichana hamwambii mtu mzima kwamba mikono yake si safi. Angeniambia hivyo miaka ile, ningekwenda kwa mama yake kabla sijafika nyumbani. Yule askari wa geti aliweza kwa sababu hakuwa wa kwetu na hakujali.

Mkaguzi hakumgombeza. Alisema spiriti inaua wadudu, lakini utamu wa tunda hauutoi vizuri, sembuse uliokaa ndani ya mafuta. Tone la damu likitoka linaogelea kwenye fenesi kwanza, kisha ndiyo linakwenda kwenye mashine. Mashine haijui damu ni ipi na fenesi ni lipi. Inahesabu vyote pamoja, kisha inasema kweli.

Nikafikiri kidogo. Nikauliza, "Kwa hiyo miezi yote hii mlikuwa mnalitibu fenesi?"

"Ndiyo, Mama," akasema mkaguzi. Hakucheka. Nikaanza kumpenda.

Akataka ninawe sasa, nipimwe tena. Nikabaki nimekaa. Nikamwambia nesi, "Niambie wewe."

"Kukhu?"

"Wewe ndiye utakayebaki hapa. Huyu anarudi Tororo. Niambie."

Alikunja kunja aproni yake. Mwanangu alitazama dirishani, maana lilikuwa jambo gumu kulitazama. Mwishowe binti akasema, bila kupiga goti, "Kukhu, nenda ukanawe mikono. Kwa sabuni."

Nikaenda. Jerikeni tuliikuta chooni. Mafuta ya fenesi hayatoki kwa kunawa mara moja, nesi akasimama nyuma yangu na kuniambia nirudie, nikarudia, akasema tena. Nikakumbuka sauti ya yule askari. Nikakausha mikono, nikarudi, nikadungwa.

Tatu na nukta saba.

Safari hii hakuna aliyetabasamu wala kuangalia chini. Mkaguzi alimtuma nesi haraka kuleta chai, na akasema, mbele ya mwanangu, itiwe sukari. Nikainywa yote. Daktari akaitwa. Akasikiliza akiwa amesimama, akasoma namba ya mkono na namba mbili za vidole, na akakaa chini. Alinisimamishia vidonge vyote hadi nitakapopimwa tena, kisha nianze na nusu yake, kiasi kile cha zamani kabla sijaongezewa. Mimi aliniomba radhi kwa maneno machache, ambayo yalitosha. Jerikeni ilirudishwa siku hiyo hiyo, si getini, bali mlangoni kwenyewe, mahali ambapo benchi linaishia. Mkaguzi hakuondoka mpaka alipoiona imejaa.

Nje, mwanangu alisimama karibu na pikapu. Dereva aliuliza kama tunakwenda. Mwanangu akasema, "Mama, ulisema hukula."

"Nilisema."

Akaanza kufungua kamba ya godoro, akakumbuka kwamba kibanda na nyumba havipo pale kituoni, akaifunga tena. Tukarudi kule tulikotoka. Walishusha kitanda, masufuria, sanduku. Mama Chai alisimama akiwaangalia wanavyoshusha, mikono kiunoni, kisha akaenda kwenye karai lake, akakifunua kile kipande changu cha fenesi, akaanza kukila.

Mwanangu sikumwacha aondoke mikono mitupu. Kesho yake, kabla hajapanda gari, nilimchagulia mafenesi mawili makubwa, mapya kutoka Mukuju, ampelekee mke wake. Akayabeba kifuani kama alivyokuwa akibeba watoto wake, na alipofika garini yalikuwa yameshashikana na shati.

Siku za kupimwa, sasa mimi nakaa mwisho wa benchi, karibu na jerikeni. Sikupewa kazi hiyo na mtu. Nesi anamwambia kila mzee anawe, na sauti yake bado inatetemeka kidogo akiwaambia wanaume. Juzi mzee mmoja wa samaki kutoka Majanji alikataa. Alisema hawezi kuagizwa na mtoto. Akanitazama mimi, mwenzake wa umri, nimuunge mkono.

Nikamwonyesha koki ilipo.

Akanawa. Nikamwambia arudie.